Tuliwaazima Ikweta, Injini Ikabaki Kwao

Kilomita thelathini na kitu kaskazini mwa Malindi kuna Ngomeni, kijiji cha wavuvi na mashamba ya chumvi katika Kaunti ya Kilifi. Ukisimama ufukweni na kutazama Ghuba ya Ungwana, unayaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu mirefu. Mgeni hudhani ni mitambo ya kuchimba mafuta, na kwa jukwaa la Santa Rita dhana hiyo haiko mbali na ukweli, maana lilijengwa kwa kazi hiyo kabla Waitaliano hawajalileta Kenya. Jukwaa la pili, San Marco, lilitoka katika jeshi la Marekani. Kutoka juu ya chuma hiki, kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa zikaingia kwenye mzingo wa dunia. Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna mahali pengine palipowahi kufanya hivyo.

Habari za Ngomeni husikika kwetu hasa pale mkataba baina ya Nairobi na Roma unapozua mabishano. Tunauliza nani analipa nini, wenyeji wamefaidika vipi, mvuvi anazuiwa wapi. Ni maswali ya haki na yanastahili majibu. Lakini lipo swali jingine ambalo sijalisikia likiulizwa kwa uzito wake: pale baharini kiliwaka nini hasa? Injini ile ilifanyaje kazi, na kwa nini iliwashwa hapo, si kwingine? Nchi isiyojua majibu ya maswali hayo itaendelea kukodisha mahali, na wengine wataendelea kuondoka na ujuzi.

Tuanze na injini yenyewe.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba roketi hupaa kwa kuisukuma hewa iliyo chini yake, au kwa kuikandamiza ardhi. Ingekuwa hivyo, roketi ingekwama mara tu hewa inapokwisha. Ukweli wa jambo hili anaujua kila mvuvi wa Ngomeni aliyewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi mwepesi: yeye huenda mbele, mtumbwi ukarudi nyuma, na upepo haukuchangia chochote. Roketi hutupa gesi nyuma yake, na kule kutupa ndiko kunakoipeleka mbele. Ikitupa gesi nyingi zaidi kwa kila sekunde, au ikiitupa kwa kasi zaidi, msukumo huongezeka. Hewa ya nje haimsaidii mtu hapo. Huikinza tu gesi inayotoka, na injini ileile ikifika mahali pasipo na hewa hufanya kazi vizuri kuliko ilivyokuwa juu ya ardhi.

Gesi hiyo huzaliwa katika chumba cha mwako, ambamo fueli huwaka pamoja na kioksidishaji, yaani kemikali inayobeba oksijeni, kwa kuwa huko juu roketi haina hewa ya kuvuta. Joto humo huweza kupita nyuzi 2,500 za Selsiasi, joto la kuyeyusha chuma na kuzidi. Kisha gesi hupitishwa kwenye nozeli, mkia wa injini wenye shingo nyembamba na mdomo mpana. Umbo hilo alilibuni mhandisi Msweden, Gustaf de Laval, katika miaka ya 1880, kwa ajili ya mitambo ya mvuke. Gesi inapofika shingoni huwa imefikia kasi ya sauti. Baada ya hapo hutokea jambo ambalo akili hulikataa mara ya kwanza. Tungetarajia kitu kinachoingia kwenye njia inayopanuka kipunguze mwendo, lakini gesi iliyokwisha kuivuka kasi ya sauti huongeza mwendo kadiri njia inavyopanuka. Joto lake hushuka, shinikizo lake hushuka, na nguvu iliyokuwa imefungwa ndani yake hugeuka kuwa mbio. Ikitoka mdomoni, gesi ya fueli yabisi huwa inakwenda takriban kilomita 2.5 kwa kila sekunde. Gesi ya hidrojeni na oksijeni za kimiminika hufika kilomita 4.4.

Kasi hiyo ya gesi inayotoka ndiyo inayotawala kila kitu katika fani hii. Mwaka 1903 mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha mlinganyo unaounganisha kasi ya gesi, uzito wa roketi kabla ya kuwaka, uzito wake baada ya kuwaka, na mwendo inaoupata. Mlinganyo huo hauna huruma. Ili kitu kibaki angani kikiizunguka dunia kwa karibu, kinahitaji mwendo wa kilomita 7.8 kwa sekunde. Ongeza kinachopotea katika kupambana na uvutano na hewa, unafika kilomita 9.4 hivi. Kwa fueli yabisi ya kilomita 2.5, mlinganyo unadai kwamba kwa kila kilo moja itakayofika juu, kilo 43 zisimame jukwaani wakati wa kuondoka. Na kilo hiyo moja si setilaiti peke yake: ndani yake mna ganda la injini, nozeli, nyaya na vifaa vya kuongozea. Ukitumia hidrojeni na oksijeni, kilo 43 zinashuka hadi 8 na nusu hivi. Kasi ya gesi haijafika hata mara mbili, lakini mzigo wa kuanzia umepungua mara tano. Anayezielewa hesabu hizi anaelewa kwa nini mataifa yamemwaga fedha nyingi kutafuta nyongeza ndogo tu ya kasi mdomoni mwa nozeli.

Hakuna fundi anayeweza kutengeneza ganda jepesi kiasi cha kutimiza sharti hilo la kilo 43 kwa mkupuo mmoja. Ndipo roketi hugawanywa katika hatua: sehemu iliyokwisha kuwaka inaachwa ianguke, na injini inayofuata inaanza kazi bila kubeba maiti ya iliyotangulia.

Roketi iliyorusha setilaiti zote tisa za Ngomeni iliitwa Scout. Ilikuwa ya Marekani, yenye urefu wa takriban mita 23, na hatua zake nne zote zilikuwa za fueli yabisi. Kila injini ilikuwa na jina la nyota: Algol chini kabisa, juu yake Castor, kisha Antares, na Altair kileleni. Hazikubuniwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Castor ilichipuka katika injini ya kombora la kijeshi, na Altair ilitoka katika mradi wa Vanguard, mmoja wa miradi ya awali ya setilaiti ya Marekani. Wahandisi waliokota kilichokuwepo, wakakipanga kimoja juu ya kingine, wakapata roketi ya bei nafuu ambayo ilirushwa mara 118 hadi ilipostaafu mwaka 1994. Somo hilo peke yake ni kubwa kwa nchi yenye mfuko mdogo.

Fueli yabisi inahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana watu huidhania kuwa ni baruti kubwa tu. Kwa kawaida ni mchanganyiko wa chumvi iitwayo ammoniamu pakloreti, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni, unga wa alumini, na kitu cha jamii ya mpira kinachovishika pamoja. Mchanganyiko humiminwa ndani ya ganda la injini ungali laini, ukaachwa ugande. Katikati huachwa tundu refu, na umbo la tundu hilo ndilo lenye siri. Moto huanzia kwenye kuta zake na kula kuelekea nje, na ukubwa wa eneo linalowaka ndio unaoamua msukumo. Tundu la mviringo hupanuka kadiri linavyoungua, kwa hiyo msukumo hupanda sekunde baada ya sekunde. Tundu lenye umbo la nyota huanza na kuta nyingi, pembe zake huliwa taratibu, eneo linalowaka hubaki karibu lilelile, na msukumo hutulia. Injini hii haina pampu wala valvu wala dereva. Mhandisi huchora mwendo wa roketi katika umbo la tundu, miezi kadhaa kabla ya kuwashwa, na baada ya hapo hana tena nafasi ya kubadili mawazo.

Ikishawashwa haizimiki. Ufa mdogo uliojificha ndani ya fueli unatosha kuongeza eneo linalowaka, shinikizo likapanda kupita kiasi, na ganda likapasuka. Ndiyo sababu mafundi wa fani hii huipiga kila injini picha za eksirei na kukagua uso wa fueli kwa subira ambayo mtu wa nje angeiona ni ya kupindukia.

Kwa jukwaa la baharini, fueli yabisi ilikuwa chaguo la busara sana. Oksijeni ya kimiminika hutunzwa chini ya nyuzi 183 hasi, na huchemka na kupotea saa zote. Kuizalisha, kuihifadhi na kuipandisha juu ya jukwaa linalopigwa na mawimbi kungehitaji kiwanda kizima. Injini ya Scout ilifika ikiwa imekwisha kujazwa. Roketi iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda juu ya San Marco, ikainuliwa, na waongozaji wakakaa salama kwenye Santa Rita, nyaya za mawasiliano zikiwa zimelazwa chini ya bahari baina ya majukwaa.

Sasa tuje kwenye swali la mahali. Kila mara Ngomeni inapotajwa husemwa kwamba ikweta huipa roketi mbio za bure. Ni kweli. Dunia inajizungusha, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde, hata kama hajainua mguu. Ngomeni iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini, kwa hiyo inapata karibu zote. Lakini kisiwa cha Wallops katika jimbo la Virginia, ambako Scout zilirushwa pia, kiko kwenye latitudo ya karibu nyuzi 38 na bado hupata mita 366 hivi. Tofauti ni kama mita 100 kwa sekunde. Inasaidia, lakini haimfanyi mtu avuke bahari mbili kuja kujenga jukwaa.

Faida kubwa iko kwingine, nayo husemwa mara chache. Setilaiti haiwezi kuanza safari yake kwenye mzingo wenye mwinamo mdogo kuliko latitudo ya mahali iliporushwa. Ukirusha kutoka Wallops, njia ya setilaiti itainama nyuzi 38 au zaidi, itapanda kaskazini na kushuka kusini mwa ikweta katika kila mzunguko. Ukitaka kuilaza njia hiyo ifuate ikweta, lazima uigeuze ikiwa tayari inakimbia, na kugeuza kitu chenye mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde kwa pembe ya nyuzi 38 kunadai msukumo wa karibu kilomita 5 kwa sekunde nyingine. Hiyo ni zaidi ya nusu ya gharama ya kutoka ardhini. Scout isingeweza kabisa. Kutoka Ngomeni njia ilikuwa imelala tayari. Hilo ndilo tulilowaazima.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na jenerali wa jeshi la anga la Italia. Aliwapeleka vijana wake Marekani wakajifunze Scout nati kwa nati, na tarehe 15 Desemba 1964 Waitaliano hao wenyewe wakairusha San Marco 1 kutoka Wallops. Miezi ya mwanzo ya mwaka huohuo walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi katika maji ya Kenya kwa roketi ndogo za utafiti zisizofika kwenye mzingo. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka Ngomeni, na dunia ikapata setilaiti yake ya kwanza iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini.

Kilele kilifika tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, na Scout ilibeba setilaiti ya NASA ya kilo zipatazo 140 iliyopewa jina la Uhuru. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo, ndiye aliyependekeza jina hilo kwa heshima ya siku na ya wenyeji. Kazi ya Uhuru ilikuwa kuzitafuta nyota na galaksi zinazotoa eksirei, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Mzingo wa ikweta ulikuwa muhimu, kwa kuwa uliiepusha setilaiti na eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi hushuka karibu zaidi na dunia na kuvuruga vipima. Kwa miaka miwili na ushei Uhuru ilikusanya orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, vipimo vya Uhuru vilisaidia kukifanya kuwa kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikitaja kwa dhati kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya setilaiti hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Mtoto anayesoma Malindi leo anastahili kulijua hili pamoja na habari za Vasco da Gama na nguzo yake.

Italia haikuishia kwenye kurusha tu. Walianza na injini za wenzao, wakazisoma, kisha wakajenga zao. Colleferro, mji ulio karibu na Roma, ukawa makao ya ujuzi wa fueli yabisi, na tarehe 13 Februari 2012 roketi ya Vega, ambayo Italia ndiyo kinara wa mradi wake, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Injini ya hatua yake ya kwanza ilibeba tani 88 za fueli yabisi. Nikiitazama Vega ninaiona Ngomeni ndani yake, ingawa haikuruka Ngomeni.

Kisa cha pili cha roketi katika ardhi yetu kinatokea bara, katika jimbo la Shaba la Zaire ya wakati huo, yaani eneo la Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na migodini. Mjerumani Lutz Kayser alianzisha mwaka 1975 kampuni iliyoitwa OTRAG, akiwa na wazo ambalo wengi walilicheka na ambalo mimi naliheshimu mpaka leo. Injini za kimiminika huwa ghali kwa sababu ya pampu: kifaa kinachozunguka kwa kasi ya kutisha, baridi kali upande mmoja na moto upande wa pili. Kayser aliziondoa. Roketi yake ilikuwa fungu la mabomba membamba, kila bomba likiwa tangi na chini yake injini ndogo. Theluthi mbili ya bomba ilijazwa kimiminika, na theluthi iliyobaki hewa iliyokandamizwa, hewa hiyo ndiyo ikisukuma mafuta yasiyo ghali na asidi ya nitriki hadi kwenye mwako. Valvu zilifunguliwa na mota za umeme za aina inayoendesha waipa za magari. Kutaka nguvu zaidi kulimaanisha kuongeza mabomba. Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa Kituo cha Anga cha Kennedy wakati binadamu walipopelekwa mwezini, alijiunga naye na kuongoza bodi.

Rais Mobutu wa Zaire aliwapa eneo linalokaribia kilomita za mraba 100,000, na kituo kikajengwa juu ya uwanda unaotazama bonde la mto Luvua. Jaribio la kwanza liliruka tarehe 17 Mei 1977, la pili tarehe 20 Mei 1978. La tatu, Juni mwaka huohuo, lilifanyika mbele ya Mobutu mwenyewe, na roketi ikapotea njia muda mfupi baada ya kuondoka. Wakati huo siasa ilikuwa imekwisha kuchafuka. Wasovieti walidai kwamba Wajerumani wanajaribu makombora Afrika, majirani wa Zaire wakaingiwa na hofu, serikali ya Ujerumani Magharibi ikabanwa na wakubwa wenzake. Mwaka 1979 Mobutu aliifuta ruhusa, na OTRAG ikahamia Libya. Shaba ilibaki na uwanja mtupu.

Nimeviweka visa hivi viwili pamoja kwa sababu vinafanana mahali pamoja tu, na ndipo penye uchungu. Ngomeni ilifanikiwa na Shaba ikaanguka. Ngomeni ilikuwa ya sayansi na Shaba ya biashara. Moja yabisi, moja kimiminika. Kote kuwili ardhi, maji na anga vilikuwa vyetu. Kote kuwili injini ilikuja na wenyewe ikaondoka na wenyewe. Sijui chuo cha Kenya wala cha Zaire kilichoachiwa maabara ya mwako. Sisemi haya kuwalaumu Waitaliano. Wakenya waliajiriwa, na kituo cha nchi kavu bado kinapokea mawimbi hadi sasa, ikiwa ni pamoja na data za setilaiti ya Swift ya NASA inayowinda milipuko ya miale ya gama. Lakini kupokea mawimbi ni taaluma moja, na kuwasha injini ni nyingine.

Matokeo yake tunayaona. Setilaiti ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ikiwa imefikishwa huko kwa roketi ya Marekani. Rwanda ilipeleka yake mwaka 2019 kutoka Japani. PearlAfricaSat-1 ya Uganda iliondoka Novemba 2022 kutoka Wallops, kisiwa kilekile walikofunzwa vijana wa Broglio, juu ya roketi iitwayo Antares yenye hatua ya pili iitwayo Castor: majina mawili yaliyokwisha kusomwa juu ya maji ya Ngomeni zaidi ya miaka 50 kabla yake. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 na Falcon 9 kutoka Vandenberg, California.

Taifa-1 inatufunza jambo ambalo wapigia debe wa ikweta hawalitaji. Setilaiti za kupiga picha za mashamba na misitu hupendelea mzingo unaopita karibu na ncha za dunia, ili dunia ijizungushe chini yake na kila sehemu ionekane. Kwa mzingo huo ikweta haikupi mbio za bure. Inakupa mwendo wa pembeni usioutaka. Setilaiti zinazofaidi kwa kweli latitudo yetu ni zile za mzingo wa ikweta, hasa zile za mawasiliano zinazokaa kilomita 35,786 juu, na roketi za kufika huko ni kubwa mno kwa jukwaa lolote lililowahi kusimama Ngomeni. Kourou iko nyuzi 5 kaskazini na imestawi, kwa sababu Ulaya ilipeleka pale latitudo na injini kwa pamoja. Kukaa tu na latitudo tukisubiri mteja si mpango.

Mpango ni kuanza na injini ndogo. Katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, wanafunzi wa mradi wa Nakuja wamekuwa wakijenga roketi ndogo kwa mikono yao, na hilo ni jambo la kulilea kwa fedha za umma. Roketi za utafiti zinazopanda na kushuka bila kuingia kwenye mzingo ndizo Waitaliano walizoanza nazo mwaka 1964 palepale baharini. Kuna mlango mwingine pia ambao gharama yake si ya kutisha: injini za umeme za ndani ya setilaiti. Hizi huchukua gesi kama zenoni, huichaji umeme na kuitupa kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, mara kumi na mbili ya fueli yabisi. Msukumo wake ni hafifu, sawa na uzito wa karatasi kiganjani, kwa hiyo haziwezi kuinua chochote kutoka ardhini. Lakini angani hakuna kinachozikinza. Chombo cha Dawn, kilichoondoka mwaka 2007, kilitumia injini za namna hii kufika kwenye asteroidi Vesta mwaka 2011, kuizunguka, kuiacha, na kufika Ceres mwaka 2015. Kuisoma na kuijaribu injini ndogo ya aina hii kunahitaji chumba kilichoondolewa hewa, umeme wa uhakika na walimu wa fizikia. Hivyo viko ndani ya uwezo wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali.

Mkataba wa Kenya na Italia uliosainiwa Trento mwaka 2016 umezungumzia mafunzo, data za setilaiti, tiba ya mbali, na msaada kwa shirika la anga la Kenya, ambalo liliundwa mwaka 2017. Yote ni mema. Wabunge na maofisa watakapoketi tena mezani kuhusu Ngomeni, nawasihi wadai jambo moja zaidi na waliandike kwa maneno yasiyopindika: maabara ya injini katika chuo cha umma cha Kenya, jukwaa la kuijaribu injini ikiwa imefungwa chini, na nafasi za kila mwaka kwa vijana wetu kwenda kufanya kazi Colleferro, wakirudi na mikono inayojua fueli inamiminwaje na tundu la nyota linachongwaje. Ada ya kukodisha bahari bila hayo ni bei ndogo mno.